Kabla ya talaka, mtapita kwa wazee wa kata

*Sheria inawataka wanandoa wa Tanzania Bara wasikilizwe na baraza kabla ya kufika kwa hakimu. Tatizo ni kwamba haikusema baraza lenyewe litajifunzia wapi kusikiliza.*

Siku ya baraza, ofisi ya kata hujaa mapema. Wapo waliofuata barua ya utambulisho, wapo wenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na kwenye benchi la ukutani wapo wawili wasiotazamana. Kila mmoja amekaa ncha yake. Katikati yao ipo nafasi ya kumtosha mtu wa tatu, lakini haikaliwi hata kama nusu ya watu wamesimama.

Hao ni wa kesi ya ndoa.

Wakiitwa ndani watakuta meza, daftari la mistari, mwenyekiti na wajumbe wake. Mlalamikaji ataambiwa aanze. Atataja mwaka waliooana, atafika kwenye tukio la kwanza, na kabla hajalimaliza mjumbe mmoja atamkatisha: “Haya, na wewe ulimkosea nini mwenzako?”

Aliyewahi kusindikiza ndugu kwenye kikao cha namna hiyo analijua swali hilo. Likishaulizwa, simulizi imekwisha. Kinachofuata ni mashtaka na utetezi, na wazee wanabaki kupima nani ana makosa mengi. Jioni watu wawili wanarudi nyumba moja, kila mmoja na orodha ndefu kuliko aliyokuja nayo.

Wazee hao si wabaya. Wengi wao wameacha shughuli zao kuja kukaa pale, na hawana mshahara. Wanafanya kazi waliyopewa kwa namna wanayoijua. Makala haya yanahusu namna hiyo.

Karatasi isiyokwepeka

Kilichowaleta wawili hao pale ni Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971. Kifungu cha 101 kinasema mtu hawezi kupeleka mahakamani ombi la talaka mpaka mgogoro uwe umefikishwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo baraza likathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Mahakama hazina mzaha na karatasi hiyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwishapita ngazi za chini, ushahidi umetolewa, mali zimegawanywa, kisa cheti cha baraza hakikuwapo au hakikuwa halali. Wahusika wakajikuta wamerudi walipoanzia, miaka imekwenda na nauli imekwenda.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa mjadala mkubwa. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, ikakusudia kuziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Zanzibar ilibaki na utaratibu wake, ambako mambo ya ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi.

Wazo la kusuluhisha kabla ya kuachana halikuwa geni kwa yeyote kati ya hao waliounganishwa. Waislamu wanayo aya ya 35 ya Sura An-Nisaa, inayoelekeza ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka kwa ndugu wa mume na mmoja kutoka kwa ndugu wa mke. Wakristo walikuwa na wazee wa kanisa. Na makabila karibu yote yalikuwa na mshenga, mjomba au shangazi ambaye ndoa ikiyumba aliitwa usiku na akaja.

Kilichobadilika ni mahali watu wanapoishi. Mume ana wazazi Masasi, mke ana wake Kahama, wao wamepanga vyumba viwili Mbagala. Shangazi yupo kwenye simu, tena anasikia upande mmoja, wa yule mwenye salio. Baraza la kata likawa shangazi wa serikali.

Sheria inataka kila kata iwe na baraza. Pia inampa Waziri uwezo wa kuzitambua kamati za jumuiya mbalimbali, ndiyo maana Waislamu wengi huanzia BAKWATA na Wakristo kwenye mabaraza ya makanisa yao. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Linaweza kumwita yeyote linayeona atasaidia. Na mawakili hawaruhusiwi kuingia.

Hilo la mawakili watu hulilalamikia, lakini kwangu ndilo jambo la busara kuliko yote katika sura hiyo ya sheria. Wakili husema kwa niaba yako, na anasema ili ushinde. Hapa ilikusudiwa useme mwenyewe, mbele ya mwenzako, naye akusikie.

> Ardhi iliwekewa masharti ya nani aketi barazani. Ndoa haikuwekewa.

Ila sheria haikusema mjumbe awe mtu wa namna gani. Haikudai mafunzo. Haikutaja wanawake. Linganisha na migogoro ya ardhi: sheria ya mwaka 2002 inataka baraza la kata linaloshughulikia ardhi liwe na wajumbe wanne hadi nane, na watatu kati yao wawe wanawake. Penye baraza la kata linaloketi pia kama baraza la ndoa, wanawake watakuwamo kwa bahati hiyo. Kwingineko mke anaweza kujikuta anaeleza habari za chumbani mbele ya wanaume watupu wenye umri wa baba yake.

“Vumilia, mwanangu”

Mambo yanayofikishwa huko yakiandikwa kwenye daftari yanaonekana madogo. Haachi hela ya matumizi. Anachelewa kurudi. Ameweka nywila kwenye simu. Ananinyima unyumba. Mama yake ndiye mwenye sauti nyumbani kwangu. Ana mchepuko. Anakunywa. Na siku hizi kuna ‘kausha damu’, ile mikopo ya mtaani yenye marejesho ya kila siku, ambayo imeingia kwenye ndoa za watu kuliko wanavyopenda kukiri.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni moja. Mke ataambiwa ndoa ni uvumilivu, ndoa ina siri zake, hata sisi tulipita humo humo. Mume ataambiwa ajirekebishe, akumbuke yeye ndiye kichwa. Watapeana mikono, watasaini, mwenyekiti atafunga kwa dua au sala.

Yapo mazingira ambamo maneno hayo yanatosha. Watu wawili waliogombana kwa hasira ya wiki moja, wakikalishwa na watu wazima, hasira hushuka yenyewe. Lakini ushauri wa kuvumilia una sifa moja ambayo haisemwi: mtoaji wake hahitaji kujua lolote kuhusu anayemshauri. Unaweza kuutoa kabla mtu hajafungua mdomo. Ndiyo maana unaonekana kama huruma na bado mpewaji anatoka nao akijiona hakusikilizwa.

Tuchukue mfano, ambao ni wa kutunga lakini mkazi wa mjini atautambua.

Mke amekopa laki tatu bila kumwambia mumewe. Marejesho yamemshinda. Siku moja wakopeshaji wanaingia, wanabeba televisheni na jiko la gesi, majirani wakiangalia. Mume anaijua habari hiyo akiwa amesimama mlangoni kwake. Wanafika barazani. Mume anasema: huyu ni mwongo, amenifilisi, sina imani naye. Mke anasema: hanipi hela, nikiomba ananitolea maneno, mtoto alikuwa anarudishwa shule.

Baraza la kawaida litaona makosa mawili na litayagawa. Mke aombe radhi kwa kukopa kwa siri. Mume aongeze matumizi. Imekwisha. Baada ya miezi mitatu wapo tena pale, safari hii kwa jambo lingine kabisa, na daftari litawaandika kama kesi mpya.

Sasa mwulize mume swali tofauti: siku ile, uliposimama mlangoni na majirani wanakutazama, ilikuwaje kwako? Hatasema “mwongo” tena. Atasema aliona aibu. Pengine atasema kwamba tangu siku ile anapitia uchochoro wa nyuma ili asikutane na watu wa dukani. Mwulize mke: kabla hujaenda kukopa, uliwahi kufika mlangoni kwake ukiwa na neno hilo mdomoni ukarudi? Ataeleza usiku aliofanya hivyo.

Laki tatu haijalipwa bado. Lakini kwa mara ya kwanza mke amejua kwamba aliyemkasirikia alikuwa ameaibika, na mume amejua kwamba aliyemficha alikuwa anamwogopa. Baada ya hapo suala la matumizi linaweza kuzungumzwa kama suala la matumizi.

Ufundi wa kusikia

Ulimwenguni jambo hili limefanyiwa kazi kwa muda mrefu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1987, alikuwa na kanuni moja ambayo baraza lolote linaweza kuanza kuitumia kesho bila bajeti: watu wawili wanapobishana, asiruhusiwe mmoja kujibu mpaka kwanza arudie alichosema mwenzake, na huyo mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyokusudia.

Ijaribu nyumbani leo. Ni ngumu kuliko inavyosomeka. Wengi tukiambiwa turudie tulichoambiwa tunarudia tulichokuwa tunajiandaa kukijibu.

Mwanafunzi wake, Marshall Rosenberg, alikulia Detroit na akiwa mtoto aliishi ndani ya ghasia za ubaguzi za mwaka 1943. Baadaye aliunda mbinu ya mawasiliano yasiyo na ukatili, akaitembeza kwenye magereza, shule na nchi zilizotoka vitani hadi alipofariki mwaka 2015. Mbinu yake ina hatua nne: sema ulichokiona bila kuhukumu, sema unavyojisikia, sema unahitaji nini, kisha omba jambo moja linalotendeka.

Alifundisha kwa vikaragosi viwili, mbweha na twiga. Mbweha ni ulimi wa lawama. Twiga ni ulimi wa huruma, na alimchagua kwa maelezo kwamba ana moyo mkubwa kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu. Wataalamu wa wanyamapori watambishia, kwani moyo wa tembo humzidi. Lakini si vibaya kujua kwamba mnyama tuliyemfanya alama ya taifa amekuwa akifundisha wanandoa wa mbali kuongea kwa upole.

Tofauti ya ndimi hizo mbili inaonekana vizuri kwenye malalamiko ya barazani. “Hanijali” ni hukumu. Mume anaweza kuipinga mpaka jioni, na ataipinga. “Tangu Jumatatu hujaacha hela, na jana nimekopa unga dukani” hakuna cha kupinga. Limetokea au halikutokea. Na “nataka ubadilike” si ombi, kwa sababu aliyeambiwa hajui aanzie wapi asubuhi. “Naomba kila ukipokea tuketi tupange” linaweza kujibiwa ndiyo au hapana.

Mwenzao mwingine, John Gottman wa Seattle, ambaye kuanzia miaka ya 1980 alikuwa akiwarekodi wanandoa wakizozana na kisha kufuatilia ndoa zao, alibainisha tabia nne zinazobomoa: kumlaumu mtu badala ya jambo, kumdharau, kujitetea kila mara, na kujifungia kimya kama ukuta. Dharau aliiona mbaya kuliko zote. Pia aligundua kwamba migogoro mingi ya wanandoa haiishi kamwe, hata kwa wanaopendana. Watu hao hujifunza kuizungumza bila kuumizana.

Matokeo hayo yangewashangaza wazee wetu wa baraza, ambao hupimwa kwa kesi walizozimaliza.

Kwetu hatusemi hivyo

Msomaji wa pwani atakuwa amekwishaguna. Na ana haki. Sentensi za Rosenberg, zikitamkwa kama zilivyo, zinachekesha. Hakuna mke wa Tanga atakayemwambia mumewe “ninapoona viatu vyako sebuleni najisikia huzuni kwa sababu nina hitaji la utaratibu”. Mume ataitafuta homa.

Sisi tuna njia zetu. Kuna kutuma mtu. Kuna kuzungumza na mtoto ili baba yake asikie. Kuna kanga: mume anarudi, anamkuta mama watoto amejifunga kanga yenye maneno makali, na hana haja ya kuuliza kama mambo ni shwari. Njia hizo zina heshima yake. Zinampa anayekosolewa nafasi ya kujirekebisha bila kuvuliwa nguo mbele za watu, na hilo ni sehemu kubwa ya huruma.

Ila kijembe kina upungufu mmoja. Kinafikisha hasira, hakifikishi ombi. Mume amejua mkewe amekasirika. Hajajua kama ni kwa sababu ya jana, ya juzi au ya shemeji. Akikosea kukisia, atarekebisha kisichotakiwa, kisha ataona jitihada zake hazithaminiwi, naye ataanza zake.

> Kijembe kinafikisha hasira, hakifikishi ombi.

Hapo ndipo msuluhishi mwenye uzoefu ana kazi. Hamlazimishi mtu kusema kwa mtindo wa kigeni. Anachukua kijembe, anakifumbua taratibu: mama, ulipovaa ile kanga, ulitaka baba afanye nini siku ile? Na yale yasiyosemeka mbele ya kadamnasi, hasa ya unyumba, anayasikiliza kwa mmoja mmoja, au anawaachia wajumbe wanawake watoke na mke uani. Sheria haimkatazi. Inachotaka ni kila upande upewe nafasi ya kusikilizwa.

Panapokuwa na kipigo

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba wawili wale wana nguvu sawa. Wanaharakati na wanasheria wanaowasaidia wanawake hawataniachia niendelee hivyo, na wapo sahihi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti huo huo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana, kutoka bila ruhusa au kunyima unyumba. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40.

Wajumbe wa baraza wanatoka ndani ya jamii hiyo. Wanaweza kuketi, wakasikiliza kwa makini na kwa huruma ya kweli, kisha kwa moyo mweupe wakamrudisha mtu kwa anayempiga. Ilhali kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo wanayoitumikia kinasema bayana kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya mbinu yenyewe. Kumwambia aliyepigwa afungue moyo, aeleze anavyoogopa, aeleze anavyohitaji, huku mpigaji ameketi hatua mbili kutoka hapo, ni kumpa mpigaji ramani. Jioni wanarudi chumba kimoja. Ukweli aliousema barazani ndio utakaompiga.

Je, sheria inamruhusu kukwepa baraza? Kifungu cha 101 kina mianya yake. Huhitaji usuluhishi ikiwa mwenzi amekutelekeza na hujui alipo, ikiwa yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, ikiwa ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, ikiwa amefungwa miaka mitano au zaidi, ikiwa ana ugonjwa wa akili usiopona, au ikiwa mahakama itaridhika kuwa kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kipigo hakikutajwa kwa jina. Mwanamke anayekimbia atabidi amshawishi hakimu kwamba michubuko yake ni mazingira ya pekee.

Huu ndio upungufu mkubwa wa sheria hii kwa maoni yangu, mkubwa kuliko ucheleweshaji na kuliko posho ambazo hakuna anayetaka kuzizungumza. Panapokuwa na kipigo, mlango wa kwanza ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na hospitali. Baraza linaweza kuja baadaye, au lisije kabisa.

Lifutwe, libaki?

Wanaotaka sharti la baraza liondolewe wana hoja nyingine pia. Mwenzi asiyetaka talaka hupiga chenga wito mmoja baada ya mwingine. Baraza lenyewe huketi kwa kudonoa, kwa sababu halina fungu la kuliendesha. Na kwa watu waliokwishaachana kwa moyo miaka mitano iliyopita, kikao ni foleni tu ya muhuri.

Wanaotaka libaki, wakiwamo viongozi wengi wa dini, wanajibu kwamba mahakama haijui kitu kingine zaidi ya kuvunja au kukataa kuvunja. Wanasema hasira ni ya msimu, watoto ni wa maisha. Wanaongeza kwamba baraza ni la karibu na rahisi, na mtu anaweza kujieleza kwa lugha yake bila kujua neno moja la kisheria.

Majirani zetu wamekwenda njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize usuluhishi na upatanisho. Mwaka 2016 Idara ya Mahakama ya huko ilianza Milimani, Nairobi, mpango wa kupeleka mashauri ya familia na ya biashara kwa wasuluhishi. Hao wasuluhishi wamefunzwa na kuidhinishwa, wana muda maalumu wa kumaliza kazi, na yasemwayo mbele yao hayatumiki kama ushahidi. Tofauti kubwa ni kwamba kule shauri limekwishafunguliwa. Mtu hasubiri nje ya lango.

Sidhani tunahitaji kuiga kila kitu. Msuluhishi wa Milimani hamjui mama anayekuuzia vitumbua, wala hatakutana na mumeo kwenye msiba. Mzee wa kata anaweza, na ukaribu huo, ukitumiwa vizuri, una faida ambayo cheti cha mafunzo hakinunui. Ukitumiwa vibaya, habari zako zitafika kisimani kabla yako.

Jambo moja limewafanya wazee hao wawe muhimu kuliko walivyokuwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ya migogoro ya ardhi, likayaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua kesi za viwanja na mashamba. Sasa kazi yao ni kupatanisha, na wakishindwa wathibitishe hivyo ili mtu aende mbele; siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila uthibitisho huo. Yaani watu waliozoea miaka mingi kuuliza nani kakosa na kutoa uamuzi, leo kwenye ardhi na kwenye ndoa wanatakiwa wafanye kitu kingine kabisa. Mafunzo ya siku mbili tatu juu ya kuuliza, kurudia kilichosemwa, kutambua dalili za ukatili na kutunza siri yasingekuwa anasa. Halmashauri hutumia zaidi ya hapo kwa semina ambazo hakuna anayezikumbuka.

Kushindwa vizuri

Tumezoea kuhesabu kesi iliyoishia kwa cheti kama kesi iliyoshindikana. Sheria yenyewe haikuona hivyo.

Kifungu cha 104 kinalitaka baraza lililoshindwa kupatanisha lieleze kwenye cheti limegundua nini. Kisha kinaliruhusu liambatishe mapendekezo yake kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali na malezi ya watoto. Cheti hicho kina uhai wa miezi sita. Ombi la talaka lisipofunguliwa ndani ya muda huo, mnaanza upya.

> Baraza linaruhusiwa kupendekeza watoto watalelewaje. Karatasi yenye mstari mmoja haiwezi.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya kusikiliza ambayo wapinzani na watetezi wa baraza wote huisahau. Wapo wanandoa ambao wakisikilizwa vizuri itabainika kwamba hawawezi kuendelea, na kuwalazimisha ni ukatili. Lakini waliosikilizana hata mara moja huachana tofauti na waliotupiana matusi. Wanaweza kukubaliana nani analipa ada. Wanaweza kukubaliana kwamba kile chumba cha biashara kilijengwa kwa fedha za mmoja na jasho la mwingine, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ililitambua tangu mwaka 1983 iliposema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Baraza lililosikia hayo lina cha kuandika. Badala ya mstari mmoja wenye neno “imeshindikana” na muhuri, hakimu atapokea ukurasa unaomwambia mume analipa kodi hadi Desemba, cherehani ni ya mke na hakuna anayeibishia, watoto watakaa kwa mama siku za shule. Hafungwi na mapendekezo hayo, lakini ana pa kuanzia.

Kuna mmoja ambaye katika vikao vyote hivi huwa hayupo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni juu ya mambo yanayomhusu, na Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama, inapoamua malezi, izingatie matakwa yake kama umri wake unamwezesha kuwa na maoni yake mwenyewe. Baraza nalo linaweza kumsikiliza mtu yeyote. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyelala chumba cha pili miaka yote hiyo na kusikia kila neno kupitia ukuta wa matofali, anajua mengi kuliko mjomba aliyepanda basi kutoka Masasi. Siku ya baraza anakuwa shuleni, au ameachwa kwa jirani.